Mfuko wa Shati na Kisima cha Pienza

Nianze na viatu, maana ndivyo vilivyonigombanisha na wateja wangu wa kwanza. Mtu wa kwetu akisimama mbele ya kamera anataka aonekane mzima, kuanzia nywele mpaka soli. Ukimkata magotini, hata kama nyuma yake umemwekea kanisa la miaka mia saba, atakuambia umemkata miguu, na hatanii. Auntie Premi, mwenye ofisi ya safari, alitaka nyuso. Wateja walitaka viatu. Mimi nilikuwa katikati, nikitembea kinyumenyume kwenye vichochoro vya mawe vya Italia, nikitafuta mahali ambapo uso, viatu na mnara vingeingia pamoja. Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niandike nilichojifunza. Nadhani nilichojifunza zaidi ni kurudi nyuma bila kuanguka.

Shule niliachia darasa la sita kule Uvira, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Mishahara na vyeo pia sitavitaja. Havikuwa vingi vya kutosha kujaza ukurasa.

Kabla ya kamera nilikuwa mbeba makasha ya rangi katika ghala moja Mobeni, hapa Durban. Mwaka 2008 mgongo ulikataa. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, na mtu wa umri huo asiyeweza kuinama hana kazi ghalani. Mke wangu, Zawadi, alikuwa anasuka nywele kwenye saluni moja Isipingo, jirani na stendi ya taxi. Mlango wa pili kutoka saluni palikuwa na studio ya picha ya Mzee Rajabu. Zawadi ndiye aliyemwambia Mzee kwamba ana mume nyumbani anayehesabu mabati ya dari. Mzee akasema nije.

Mzee Rajabu alikuwa mtu wa Chatsworth, wa ile jamii inayoitwa Wazanzibari, ingawa Zanzibar yenyewe hakuwahi kuiona na hakuwa na haraka ya kuiona. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, kimetiwa Kizulu kama chumvi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Umewahi kushika kamera?"

"Hapana, Mzee."

"Sharp. Basi huna cha kusahau."

Hakunipa kamera. Alinipa kitambaa cha kufutia kioo cha wateja na kitana cha kuosha kila jioni, na akaniweka kwenye kiti nimtazame. Kazi yetu kubwa ilikuwa picha za vitambulisho. Watu wa kila namna waliingia: Wazulu, Wahindi, Wakongo, Warundi, wote wakitoka jasho, wote wakiwa na haraka ya foleni fulani. Mzee hakumpiga mtu picha kabla ya kumtazama kwanza. Aliitazama kola, alivitazama vifungo, aliutazama mfuko wa shati kama una kalamu iliyovuja. "Mtu kwanza," alikuwa akiniambia. "Ukuta hauendi popote." Nilidhani ni maneno ya mzee anayejivuta. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimetazama mashati mengi kuliko dobi.

Kwa nyuma bado alikuwa na chumba cha giza, kwa sababu familia za Chatsworth zilikuwa zinaleta filamu za zamani, harusi za wazazi wao, zisafishwe upya. Huko ndiko nilikofanya kosa langu la kwanza la kukumbukwa. Nilisafisha picha ya bibi harusi mmoja, nzuri, safi, nikaikausha, nikaiweka kwenye bahasha kwa fahari. Binti yake alikuja kuichukua, akaitazama kidogo, akasema, "Sari ya mama yangu imeangukia bega lisilo lake."

Mzee alinieleza jambo ambalo ninyi wa siku hizi labda hamjawahi kulazimika kulijua. Filamu ina pande mbili, mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Ukiiweka kwenye mashine upande usio wake, picha inatoka vilevile, kali vilevile, ila kila kitu kimegeuka. Kulia kunakuwa kushoto, kama mtu aliye ndani ya kioo. Hakunifokea. Alinifanya niirudie, kisha akanituma mimi mwenyewe kwa basi mpaka Chatsworth nikamwombe yule binti radhi mlangoni kwake. Yule binti akanipa samosa nne. Sijawahi kulipwa vizuri zaidi kwa kosa.

Auntie Premi alikuwa mteja wa Mzee. Ofisi yake ya safari ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na kila mwaka alipeleka makundi mawili kwenye miji ya kale ya Italia, watu wa parokia, wastaafu, na wale waliokuwa wanasema "siku moja" kwa muda mrefu mpaka watoto wao wakachoka kusikia. Alitaka kila msafiri arudi na albamu yake. Mzee Rajabu ndiye aliyekuwa anaenda naye. Mwaka 2009 magoti yake yakamshinda, akamwambia Auntie, "Mchukue huyu. Hajui Italia, lakini anajua kutazama mtu."

Sehemu ngumu ya Italia ni ubalozi. Mwenye kitabu cha safari cha mkimbizi, kama mimi, anaeleza mambo ambayo mwenye pasipoti haulizwi, na anayaeleza mara tatu. Nilieleza. Nilipewa siku kumi na tano, na kundi lilikuwa linaenda kwa siku kumi na mbili, kwa hiyo nilijiona tajiri.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Siena. Uwanja wa pale umelala kama sahani iliyoinamishwa, na mimi nikasimama upande wa juu nikawapanga watu wangu vibaya, warefu nyuma, huko chini, wafupi mbele, juu, nikifuata desturi ya Isipingo ambako ardhi ni tambarare. Ikawa vichwa vyote vimelingana, kama mstari wa chupa. Baadaye nilijifunza kuuacha mteremko ufanye kazi. Nilijifunza pia kwamba minara ya San Gimignano inapenda kuota juu ya vichwa vya watu, na kwamba hatua moja ya kushoto inamwondolea mtu mnara kichwani. Nilijifunza kwamba huko Pisa kila binadamu, hata katekista, anataka kuonekana anausukuma ule mnara. Nimepanga mikono ya watu Pisa mpaka nikaweza kufanya kazi hiyo huku nakula mkate.

Chombo changu bora hakikuwa kamera. Kilikuwa mfuko mdogo wa kitambaa, Zawadi aliushona, nikaujaza maharage makavu. Makanisani hawaruhusu ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, lakini hakuna aliyewahi kukataza maharage. Unaweka mfuko juu ya kiti au ukingo wa ukuta, unalaza kamera juu yake, inatulia kama mtoto aliyeshiba. Uwanja wa ndege ofisa mmoja aliufungua, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya picha. Alimwita mwenzake aje asikie.

Mwaka 2013 Zawadi alifariki. Aliugua majuma sita. Baada ya arobaini Auntie Premi alinipigia simu akaniambia kundi la Septemba linaweza kwenda bila mimi. Nilimwambia nitaenda. Huko nilipiga picha za watu wawili wawili kila siku, mume na mke, mume na mke, na nilizipiga vizuri. Sina la kuongeza kuhusu mwaka huo. Mfuko wa maharage ulichanika Lucca, nikaushona mwenyewe, mshono mbaya.

Sasa nifike kwenye safari ya mwisho, ya Mei 2015. Nilikuwa nimekwisha mwambia Auntie kwamba mwezi ule ukiisha naacha. Kundi lilikuwa la watu ishirini na wawili, na mmoja wao alikuwa Mama Consolata.

Alikuwa mjane kutoka Uvira kama mimi, mama wa miaka kama sabini, anauza vitenge Isipingo, na ulimi wake haukuwa na breki. Mume wake alikuwa seremala. Miaka ya sabini, kabla hawajaoana, mapadri walimpeleka Italia miezi sita kujifunza kazi. Kutoka huko alituma picha moja tu: kijana mwembamba amesimama kando ya kisima cha mawe chenye nguzo mbili, nyuma yake kanisa, anacheka. Nyuma ya picha ameandika, "Italia. Ninakula vizuri." Jina la mji hakuandika. Huyo mume alifariki Durban mwaka 2011. Watoto wakaikuza picha hiyo kwa ajili ya msiba, kwa sababu ndiyo pekee anayocheka, na tangu siku hiyo ilikuwa inaning'inia sebuleni kwa Mama Consolata. Alinieleza yote hayo ndani ya ndege, kabla hatujapewa hata maji.

"Watu walisema haimfanani vizuri," aliniambia. "Hata mimi naona hivyo. Lakini ni yeye, nani mwingine?"

Ile ya asili alikuwa nayo ndani ya kitabu cha sala, imefungwa kwa nailoni. Alichokuja kufanya Italia kilikuwa kitu kimoja. Alitaka kusimama pale mume wake aliposimama, na apigwe picha.

Nilimwambia nitamtafutia. Niliitazama ile picha kwa makini sana. Niliyashika madirisha ya kanisa, nguzo za kisima, mnara, mawe ya chini. Kundi zima likaingia kwenye kazi hiyo. Kila tulipofika mji mpya mtu alipaza sauti, "Kisima," na Mama Consolata akafungua kitabu chake cha sala, na mimi nikaja kupima kama daktari. Lucca, hapana. Siena, hapana. San Gimignano kuna kisima kizuri, lakini si hicho. Papa Déo, fundi cherehani kutoka Bujumbura, alisema tukimaliza Italia bila kukipata tutachimba kimoja Isipingo.

Siku ya tisa tulikuwa tumelala Chianciano, mji wa hoteli za bei nafuu, na asubuhi basi likatupeleka Pienza. Ni mji mdogo sana juu ya kilima. Unaingia kwa lango moja, ukipiga chafya umetokea la pili. Kwenye uwanja wake kuna kanisa, na kando kuna kisima cha nguzo mbili.

Mama Consolata alisimama ghafla. "Ni hapa," alisema.

Kundi likakusanyika. Nikaichukua picha, nikaiinua, nikaitazama, nikautazama uwanja. Madirisha yalifanana. Nguzo zilifanana. Lakini kwenye picha kisima kilikuwa kushoto kwa kanisa, na pale kilikuwa kulia. Mnara nao ulikuwa upande usio wake.

"Siyo hapa, Mama," nilimwambia. "Kwenye photo kisima iko kushoto. Hapa iko kulia."

"Labda walikihamisha."

Watu wakacheka. "Kisima hakihamishwi, Maman," akasema Papa Déo. "Utahamisha na maji?"

"Mimi moyo wangu unaniambia ni hapa."

"Moyo haujui kamera," nikamwambia. "Picha haidanganyi. Hii miji imejengwa na mafundi wale wale, visima vinafanana. Kesho tunaweza kukipata."

Aliirudisha picha kwenye nailoni. Hakubishana, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mchana tulikwenda Montepulciano, nako kuna kisima cha nguzo mbili, lakini juu yake wamekaa simba wa mawe. Nilifurahi kukiona, kwa sababu kilinithibitisha. Nikamwambia, "Unaona? Viko vingi." Akasema anaona.

Siku iliyofuata, ya kumi, ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kutembea. Tulikwenda Orvieto. Kesho yake saa nne asubuhi basi letu lingeondoka hotelini kwenda Roma, na Roma ni ndege. Mama Consolata alishuka Orvieto na kitabu chake mkononi, akautazama uwanja, akaona hakuna kisima, akakirudisha kwenye mkoba. Alisema atakaa kivulini.

Nikaanza kuwapiga watu mmoja mmoja mbele ya kanisa kuu. Ikafika zamu ya Papa Déo. Yeye hakuvaa koti siku hiyo, alikuwa na shati jeupe, na kwenye mfuko wa shati kalamu, kwa sababu fundi wa nguo hatembei bila kalamu. Nikamwambia aitoe, inang'aa. Akapeleka mkono kifuani, upande wa moyo.

Nikashusha kamera. Shati la mwanaume likiwa na mfuko mmoja, mfuko huo unakaa upande wa moyo. Nimepiga picha za vitambulisho za maelfu ya watu Isipingo, na ni hivyo. Nikajaribu kumkumbuka yule kijana wa kisimani. Madirisha nilikuwa nayajua yote. Shati lake sikulijua. Siku kumi nimeibeba picha ya mtu, na sijamtazama mtu.

Nikamwendea Mama Consolata kivulini, nikamwomba picha, nikaenda nayo kwenye mgahawa tuliokuwa tumeagiza chakula, mpaka chooni, ambako kuna kioo. Kabla sijaiinua niliona: mfuko uko upande mbaya, na vifungo vinafunga kama vya blauzi. Nikaiweka mbele ya kioo. Ndani ya kioo kisima kikaenda kulia, mnara ukaenda kushoto, na ulikuwa uwanja wa Pienza, jiwe kwa jiwe. Mtu fulani huko Italia, miaka arobaini iliyopita, aliiweka filamu upande usio wake kwenye mashine. Kosa langu mwenyewe la mwaka wa kwanza, na sikulitambua nilipolishika mkononi.

Nilikaa kidogo mle chooni. Nilijua kuna njia ya kunyamaza. Kundi lingekwenda Roma, mama angerudi akisema hatukupata, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi. Nimeandika hili kwa sababu nililifikiri. Kisha nikatoka.

Walikuwa wamekwisha kaa mezani. Nilichuchumaa kando ya kiti chake, nikamweleza yote, filamu, kioo, mfuko wa shati. Alimaliza kutafuna, akaweka uma chini.

"Kwa hiyo juzi nilikuwa nimesimama pale pale."

"Jana, Mama. Ilikuwa jana."

"Usinisahihishe sasa. Nilikuwa nimesimama pale pale, na wewe ukaniambia hapana."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote."

"Basi simama, uwaambie watu wote."

Nikasimama. Nilikuwa na miaka sitini, kamera shingoni, na nikawaambia watu ishirini na mmoja waliokuwa wanakula tambi kwamba Mama Consolata aliona sawa na mimi niliona vibaya. Papa Déo akaiomba ile picha, akatafuta miwani yake mifuko yote, akaikuta, akaitazama. "Miaka arobaini nashona mashati," alisema, "na hii photo mmeninyooshea kila mara nikiwa sina miwani." Hapo watu wakacheka, na nikaweza kukaa.

Kilichobaki kilikuwa Auntie Premi. Mwanamke yule ana roho nzuri, lakini saa yake haina roho.

"Basi la Roma linaondoka saa nne," aliniambia. "Halimngojei mjane, wala halimngojei mpiga picha."

"Kuna basi la abiria la alfajiri. Tutarudi kabla ya saa nne."

"Na msiporudi?"

"Utakuwa umenistaafisha siku chache mapema."

Alinitazama, akanipa namba ya simu ya dereva wetu, akasema nikachukue tiketi zote nne jioni hiyo hiyo, kwenye kibanda cha sigara, kwa sababu dereva wa mabasi ya abiria hauzi. Hilo liandikeni mahali. Tiketi ununue jana yake.

Asubuhi basi lilikuwa na sisi wawili, wanawake wawili wa usafi na dereva aliyepiga miayo kila kona. Mama Consolata alikuwa amevaa kitenge kipya cha bluu na viatu vyeupe ambavyo sikuwahi kuviona safari nzima. Hakuwa amenisemesha tangu mezani. Tulipopita Montepulciano akageuka.

"Baba Neema," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu. "Mke wako ulimpiga photo ngapi?"

Nikafikiri. "Nne. Mbili ni za kitambulisho."

"Wewe? Mpiga photo?"

"Mimi."

"Eish," alisema, na akafungua mkoba wake akanikatia nusu ya mkate. Nikajua amenisamehe, au amenihurumia. Kwa njaa niliyokuwa nayo havikutofautiana.

Pienza tulifika saa moja na nusu. Uwanja ulikuwa mtupu. Mzee mmoja alikuwa anafagia, akatusalimia kwa ufagio. Basi la kurudi lilikuwa saa mbili na robo, kwa hiyo tulikuwa na dakika arobaini na tano za kukitafuta kipande cha ardhi kisichozidi sahani.

Hivi ndivyo tulivyofanya, kama siku moja mtahitaji. Mama alikuwa na kioo chake kidogo cha poda. Mimi nikaishika picha mbele ya kioo, nikawa natazama ndani ya kioo na kutazama uwanja, natazama na kutazama, huku narudi nyuma. Kwenye picha nguzo moja ya kisima ilikuwa imekata ukingo wa dirisha. Nikarudi mpaka nguzo ikakata ukingo wa dirisha. Kisha nikashuka, maana aliyepiga alikuwa mfupi, au alipiga goti. Nilipopata mahali pa kamera, nikauweka mfuko wa maharage juu ya begi langu pale pale chini, nikalaza kamera, nikaenda kisimani kutafuta mahali pa miguu.

"Hapa, Mama," nilimwambia. "Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya jiwe hili."

Alikuja akalitazama jiwe. Nilitegemea alikanyage. Hakulikanyaga. Alisimama kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na kisima.

"Mama, sogea kidogo, umeacha pengo."

"Si pengo. Hapo ni pake." Akanyoosha kitenge. "Mimi nakaa kulia kwake. Hata kitandani yeye ndiye alikuwa kushoto, karibu na ukuta. Usiniambie nicheke."

Sikumwambia. Katika miaka yote ya kazi nimewafundisha watu wasiache nafasi tupu katikati ya picha, na siku ile niliipima ile nafasi kwa makini kuliko nilivyompima yeye. Nilimwachia mabega ya seremala mwembamba. Nikapiga mara tatu.

"Viatu?" aliuliza bila kusogeza midomo.

"Vyote viwili."

Alikaa kidogo kwenye ngazi ya kisima, mkono juu ya lile jiwe. Mzee wa ufagio akafagia kwa mbali, upande mwingine. Saa mbili na dakika kumi nikamwambia basi linakuja, naye akainuka bila kusukumwa. Hotelini tulifika saa tatu na nusu. Auntie Premi aliitazama saa yake, akasema, "Panga watu." Nikawapanga kwa ajili ya picha ya mwisho.

Majuma mawili baadaye, nikiwa si mfanyakazi tena, nilipeleka albamu Isipingo. Mama Consolata alikuwa na nyumba nyuma ya barabara ya maduka, vitenge vimepangwa mpaka dirishani. Ukutani, kwenye fremu nyeusi, yule kijana anacheka, kisima kikiwa upande wa kushoto wa picha. Alizitazama picha zake zote, akasema pale Pisa nimemnenepesha, kisha akafika kwenye ile ya Pienza, akaibusu kwa kidole, akaifunika.

Nikampa bahasha kubwa. Nilikuwa nimeinakili ile picha ya mume wake, nikaigeuza, nikaisafisha kwa ukubwa ule ule wa ukutani. Sikuwa na uhakika kama nina haki ya kufanya hivyo. Alivaa miwani. Aliitazama kwa muda mrefu, akautazama ukuta, akarudi kwenye karatasi.

"Huyu ndiye," alisema. "Nywele zake zililala hivi. Mdomo ulipanda hivi." Kisha akanyoosha kidole ukutani. "Na yule pale ni nani?"

"Ni yeye pia, Mama. Yeye ndani ya kioo."

"Hapana. Yule ni mdogo wake, aliyebaki Uvira." Akajiegemeza kwenye kochi, miwani ikaanza kumteremka. "Eish, Baba Neema. Miaka minne namlilia shemeji."

Alicheka mpaka akalazimika kujifuta macho, na mimi nilicheka naye, mara ya kwanza kwa sauti ndani ya nyumba ya mtu tangu Zawadi aondoke. Tulipotulia akaniambia nipande kwenye kiti nimshushe yule wa ukutani, polepole. Nikamshusha, nikafungua fremu, nikaitoa karatasi ya zamani, nikaiweka mpya. Nilitaka kufuta kioo, kazi yangu ya siku zote. Alininyang'anya kitambaa, akafuta mwenyewe, akianzia paji la uso.